Wiski, Kanyanga na Ladha: Dondoo za Historia ya Vileo Vikali Mjini Bujumbura

Jioni moja, katika karamu ya harusi mtaani Bwiza, wazee watatu walinialika niketi nao, wakaniomba niwe mwamuzi wa ubishi wao. Haukuwa ubishi wa mali wala wa siasa. Mmoja wao, mstaafu wa kazi ya serikali, alishikilia kwamba hakuna kinywaji duniani kinachoishinda wiski ya Scotland. Wa pili, mfanyabiashara aliyezoea safari za Kampala, aliitetea waragi. Wa tatu, mkulima aliyeshuka kutoka milimani kuja kushuhudia ndoa ya mjukuu wake, aliwasikiliza kwa subira, kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini kwamba wenzake hao hawajapata kuonja kanyanga iliyopikwa na mtu anayeijua kazi yake.

"Mwalimu," akasema yule mstaafu, "wewe hunywi, basi huna upande. Tuamulie, ladha ya nani ndiyo ladha?"

Niliwajibu kwamba ladha haina hakimu. Wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwingine. Lakini nilipofika nyumbani nililionea haya jibu langu, kwa kuwa lilikuwa la kukwepa. Mambo mawili yalikuwa yamenigusa. La kwanza, wazee wote watatu, kila mmoja alipotaka kukisifu kinywaji chake, alitumia neno moja tu: "kali". La pili, yule mkulima aliteremsha sauti. Kwa nini mtu ateremshe sauti anapotaja kitu anachokipenda? Swali hilo haliwezi kujibiwa na ulimi. Linajibiwa na historia, na ndiyo maana nimeona yafaa kuwaandikia walimu wenzangu makala haya.

Nia yangu si kuusifu ulevi. Wapo miongoni mwetu, hasa katika mtaa wa Buyenzi, ambao dini imewakataza kileo cha kila namna, nami naiheshimu hukumu hiyo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba jambo tunaloliita ladha ya mtu binafsi limetanguliwa na amri, cheo na bei, na kwamba lugha yetu imebeba alama za hayo yote.

Adabu za kuonja kabla ya chupa

Tuanze kabla chupa haijafika. Burundi ni nchi ya ndizi na mtama, na pombe zake za asili zatokana na mimea hiyo miwili. Impeke ni pombe ya mtama. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue mpaka iwe kimea, hukaushwa, husagwa, hupikwa, kisha huachwa ichachuke. Urwarwa ni pombe ya ndizi. Ndizi zilizokomaa hufukiwa shimoni hata ziive kwa joto, humenywa, hukamuliwa pamoja na majani ili maji yake yatoke, na juu yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Insongo ni ndugu wa urwarwa, ila yenyewe haiongezwi maji mengi, kwa hiyo ni nzito zaidi, tamu zaidi, na humlewesha mtu upesi zaidi.

Asidhani mtu kwamba pombe hizi zilinywewa bila kupimwa. Kirundi kina kitenzi chake maalumu cha kuonja kinywaji, gusogongera, na ilikuwa ni adabu mwenye nyumba kutangulia kuonja mbele ya wageni, ili wajue kwamba kinywaji ni salama na kwamba hakuona haya kukitoa. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake au wakipokezana, na maoni juu ya pombe yalitolewa hadharani: hii bado changa, hii imepita siku zake, hii imetiwa maji.

Hata ufalme ulikuwa na siku yake ya kuonja. Katika sherehe ya Umuganuro, iliyofanywa mwisho wa mwaka, Mwami ndiye aliyeonja kwanza mtama mpya, na kwa tendo hilo msimu wa kilimo ukabarikiwa kwa nchi nzima. Sherehe hiyo ya kale ilififia mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Wabelgiji na mahubiri ya wamisionari. Kuonja, basi, lilikuwa jambo la heshima, tena la wazi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba hakuna hata moja kati ya pombe hizo iliyo kileo kikali kwa maana ninayoikusudia hapa. Zote huchachushwa, wala hazikenekwi. Kukeneka ni kuchemsha kitu kilichochachuka, kuunasa mvuke wake, na kuupoza urudi kuwa maji. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, nayo maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo kilevi hutangulia kupanda, na kinachodondoka upande wa pili huwa na nguvu mara nyingi kuliko kilichokuwamo chunguni.

Usumbura na sheria ya chupa

Mji wa Bujumbura, zamani Usumbura, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wadachi kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Waliokusanyika hapo walikuwa watu wa namna nyingi: askari, wapagazi, Waswahili na Wamanyema waliofuata njia za biashara za Ujiji, Waarabu, Wahindi, na baadaye Wagiriki wenye maduka. Mwezi wa Juni 1916 Wabelgiji waliutwaa mji huo. Kiswahili kilikuwa tayari ni lugha ya soko lake, na Uislamu ulikuwa tayari ni dini ya wengi wa waliokizungumza.

Lakini kabla Wabelgiji hawajafika, jambo la nani anywe nini lilikuwa limekwisha kuamuliwa mbali sana na ziwa letu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba juu ya biashara ya watumwa, na ndani yake mliwekwa vifungu vya vileo vikali. Mkataba ule ulichora ukanda katika bara la Afrika, toka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Mahali popote ndani ya ukanda huo ambapo vileo vikali vilikuwa havijaenea, kuviingiza na kuvitengeneza kulipigwa marufuku. Burundi, iliyo karibu na latitudo ya 3 kusini, ilikuwa katikati ya ukanda. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ulikaza kamba hiyo. Na Shirikisho la Mataifa lilipoikabidhi Ubelgiji udhamini wa Ruanda-Urundi, miongoni mwa masharti yake lilikuwamo hili: mdhamini asimamie kwa ukali biashara ya silaha na uuzaji wa vileo vikali.

Ilisemwa kwamba shabaha ni kumlinda Mwafrika, na hatuwezi kukanusha kwamba pombe kali za bei rahisi zilikuwa zimeleta maangamizi katika pwani za magharibi ya bara hili. Hata hivyo, mikataba hiyo iliacha mlango wazi kwa wasiokuwa wenyeji. Katika Usumbura ileile, Mzungu aliweza kuketi barazani kwake jioni na bilauri ya wiski au konyaki, na mtumishi aliyemletea bilauri hiyo angevunja sheria kama angeionja. Tunaona basi kwamba sheria haikukitenga kinywaji. Ilimtenga mnywaji.

Hapo ndipo wiski ilipopata ladha isiyotoka kwenye shayiri. Kitu kinachopita mbele ya macho yako kila siku, na kinywa chako hakiruhusiwi kukigusa, kinakuwa kitamu kabla hujakionja. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, chupa ya wiski ilikuwa tayari imekwisha kuwa ishara. Iliwekwa mezani ili ionekane, ilitolewa zawadi kwa mkubwa, na ilifunguliwa siku ya kupandishwa cheo. Yule mstaafu wetu, aliyeianza kazi wakati ishara hiyo ilikuwa bado mbichi, anapoisifu wiski yake anasifu pia safari ya maisha yake. Sina haki ya kumcheka.

Bia nayo ilipita njia nyingine. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa Usumbura mwaka 1955, na chupa kubwa ya Primus, yenye sentilita 72, ikawa ndiyo kipimo cha ukarimu katika kabare za mjini. Bia ilikuwa halali na ilinywewa hadharani, na hadi leo mtu hateremshi sauti akiitaja.

Kinywaji cha gizani

Kanyanga ni mtoto wa urwarwa aliyezaliwa nje ya sheria. Pombe ya ndizi au ya nafaka huchemshwa katika pipa lililozibwa, mvuke hupitishwa katika mrija unaopozwa kwa maji, na matone hukusanywa chupani. Ufundi wenyewe hauna siri kubwa. Siri iko katika kujua nini cha kutupa. Matone yanayotangulia yana kemikali zinazochemka upesi na zinazochoma koo, na ya mwisho ni mazito tena yana harufu mbaya. Mpishi stadi hukusanya yaliyo katikati tu.

Sasa tufikirie hali ya mpishi anayejificha. Hawezi kungoja, maana kila saa ya moto ni saa ya hatari. Hawezi kutupa sehemu ya kwanza, maana kila tone ni fedha, na kesho huenda vyombo vyake vikachukuliwa. Hawezi kuweka jina lake juu ya chupa, kwa hiyo hapati sifa kwa kazi nzuri wala lawama kwa kazi mbaya. Na hawezi kabisa kuhifadhi kinywaji miaka mitatu ndani ya pipa la mti. Basi marufuku, iliyokusudiwa kukiondoa kinywaji, haikukiondoa. Iliondoa ustadi, ikaacha nguvu peke yake.

Hapa kuna hatari ya roho za watu. Matunda yana pektini, na pektini huzalisha kiasi cha methanoli, sumu ambayo hupofusha na kuua. Hatari iliyo kubwa zaidi ni pale muuzaji anapoongeza spiriti ya viwandani ili bidhaa yake iwe "kali". Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimezika watu kwa ajili ya jambo hilo. Mnywaji wa gizani hana kipimo kingine isipokuwa ukali, na neno hilohilo ndilo linalomdanganya.

Wiski nayo ilitoka gizani

Mstaafu wetu huenda akashangaa akiambiwa kwamba wiski aipendayo nayo ilikuwa kanyanga ya wakati wake. Jina lake latokana na maneno ya Kigaeli, uisge beatha, yaani maji ya uhai. Katika milima ya Scotland, mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu kubwa ya wiski ilipikwa kwa magendo, mabondeni na mapangoni, na wapikaji walicheza mchezo wa paka na panya na watoza ushuru. Tena wanywaji wengi waliisifu ile ya magendo kuliko ya halali. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru na kurahisisha leseni. Mwaka uliofuata George Smith, mkulima wa bonde la Glenlivet, alichukua leseni, na majirani zake wakatishia kumdhuru kwa kuwa aliwasaliti. Pole pole wapishi wa magendo wakatoka gizani, au wakaacha kazi.

Baada ya hapo ndipo ustadi ulipopata nafasi ya kukua. Hata bahati ilisaidia: kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aliishambulia mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, na matajiri wa Uingereza wakajifunza kuipenda wiski. Mwaka 1915 sheria iliagiza kwamba wiski isiuzwe kabla ya kukaa pipani miaka miwili, na mwaka 1916, mwaka uleule ambao Usumbura ilibadili mabwana, ikawa miaka mitatu. Leo wiski ya Scotland yapaswa kukaa miaka isiyopungua mitatu katika pipa la mwaloni, na nguvu yake isipungue asilimia 40. Upole ambao wazee wanausifu umetoka kwenye mti na muda. Na muda ni kitu ambacho hupewa mtu asiyewindwa.

Majirani zetu nao wamejaribu njia mbalimbali. Uganda, kwa sheria ya mwaka 1965, iliamuru wapishi wa enguli wawe na leseni na wauze kinywaji chao kiwandani, ambako kilikenekwa upya na kuwa Uganda Waragi, ile anayoitetea mfanyabiashara wetu. Wapishi wengi walibaki nje ya mpango huo, lakini kinywaji cha nchi kilipata jina na chupa. Kenya iliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha ikabadili msimamo kwa sheria ya mwaka 2010 iliyoiruhusu kwa masharti. Rwanda imeihesabu kanyanga miongoni mwa madawa ya kulevya. Sisemi ni ipi kati ya njia hizo iliyo njema. Nasema tu kwamba kila moja huamua kitakachofika kinywani, na kinachofika kinywani ndicho ambacho baadaye tunakiita ladha.

Neno "kali" na maneno tuliyoyaacha

Turudi sasa kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu. Tunasema kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, siki kali, mwalimu mkali. Mahali pote hapo neno hilo lataja nguvu inayoweza kuumiza. Tukisema kileo ni kikali, tunaeleza kitakachotupata na tunanyamaza juu ya kinachoonjwa. Naona si ajabu neno hilo kutawala mazungumzo ya watu walionyimwa nafasi ya kuonja kwa utulivu. Anayekunywa upesi gizani hahitaji neno jingine.

Lakini Kiswahili si maskini. Kina tamu, chungu na chachu. Kina ukakasi, ule unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Kina kuwasha, kama pilipili, na kuchoma, na kukereketa, ambako ni kwa koo. Kinatofautisha kunuka na kunukia. Kina changa na pevu, maneno mawili yanayotosha kueleza tofauti yote iliyopo kati ya kileo kilichotoka kukenekwa jana na kilichokaa miaka pipani. Kwa maneno hayo mtu aweza kusema kwamba wiski za kisiwa cha Islay hunukia moshi, kwa sababu kimea chake hukaushwa kwa moto wa udongo wa majani yaliyooza. Aweza kusema kwamba wiski ya Marekani iitwayo bourbon ina utamu wa mahindi na wa pipa jipya lililounguzwa ndani, na kwamba konyaki hubakiza kumbukumbu ya zabibu. Tena maneno hayohayo yatafaa kwa chai, kahawa, asali na maji ya matunda, hata mwalimu asiyetaka kutaja kileo darasani aweza kuyafundisha. Tangu Kiswahili kilipoingizwa katika shule zetu za msingi, wanafunzi wengi hukutana na "tamu" na "chungu", kisha wanaachwa hapo.

Hitimisho

Miezi kadhaa baada ya harusi ile nilikutana tena na yule mkulima, nikamwomba anieleze kanyanga yake bila kutumia neno "kali". Alifikiri kwa muda. Kisha akasema kwamba ilikuwa nyepesi mdomoni, ilinukia ndizi iliyoiva shimoni, haikukereketa koo, na baada ya kumeza kulibaki utamu kidogo, kama wa asali iliyochanganywa na moshi.

"Nitaipata wapi nikitaka kuinusa tu?" nikamwuliza.

"Hutaipata, Mwalimu," akajibu. "Aliyeijua amekufa. Hii inayouzwa sasa mimi mwenyewe siigusi, sijui wametia nini."

"Hakumfundisha mtu?"

"Amfundishe nani? Mtu atamfundisha mwanawe kazi ya kumpeleka gerezani?"

Hilo ndilo jibu ambalo ningepaswa kuwapa wazee wale watatu usiku ule. Mstaafu alikuwa na wiski ambayo taifa lake liliitoa gizani miaka 200 iliyopita, ikapewa muda wa kupevuka. Mfanyabiashara alikuwa na waragi iliyotolewa nusu njia. Mkulima alikuwa na kumbukumbu. Kuviweka vinywaji vitatu mezani na kuuliza kipi kitamu zaidi ni kama kuwashindanisha mbio watu watatu ambao mmoja wao amefungwa miguu. Anayependa wiski na aipende, na asiyekunywa, kama mimi, na ashike msimamo wake. Lakini tusiseme kwamba cha kwetu hakina ladha, maadamu hakikupata kuruhusiwa kuwa nayo. Nasi walimu, ambao hatuna mamlaka juu ya sheria wala juu ya mapipa, tunayo mamlaka juu ya maneno. Tukianza hapo, huenda mzee mwingine akaeleza anachokipenda bila kuteremsha sauti.